Asiwe Amewahi Kushika Tumbaku

Kwa miaka kumi na minne nilimchapia mwenye ghala tangazo moja la kazi. Alikuwa akiingia dukani kwangu, mtaa wa Chemchem, Jumatatu asubuhi kabla sijamaliza kufuta vumbi kwenye mashine ya fotokopi. Anasimama mbele ya meza, anakataa kiti, anasema, "Mwandishi, fungua lile letu." Nami nalifungua. Anatakiwa mwonjaji wa asali, mwanamke au mwanamume. Awe na pua nzima na ulimi mzima. Awe mtu wa kutulia. Asiwe mvutaji. Asiwe amewahi kushika tumbaku.

Mstari huo wa mwisho aliutaka kwa herufi nzito. Nikiuchapa kwa herufi za kawaida alikuwa akiniangalia tu hadi nirekebishe.

Sina habari za kuzaliwa kwake wala za ukoo wake, na wanaozijua watazisema wenyewe. Watu wa mtaani walimwita Mama Nafasi, maana nguzo nyingi za umeme kati ya sokoni na stendi zilikuwa na karatasi yake ya nafasi ya kazi. Mbele yake hakuna aliyethubutu kumwita hivyo. Mimi nilimwita mama, na yeye aliniita mwandishi, kana kwamba kuchapa barua za watu ni uandishi. Hapa nitamwita mwenye ghala.

Ghala lenyewe lilikuwa upande wa Itetemia, hapa Tabora, jengo refu la bati jekundu. Warina asali walileta ndoo zao kutoka misitu ya Sikonge, wengine kwa lori, wengine kwa baiskeli, ndoo mbili nyuma na moja mbele. Kila ndoo ilifunguliwa mbele yake. Ananusa, anachovya kijiti, anaonja, anatema, kisha anasema neno moja tu. "Kwanza" maana yake imwagwe kwenye pipa kubwa la asali ya daraja la juu. "Pili" maana yake pipa la pembeni. "Nyumbani" maana yake mwenye ndoo aifunike arudi nayo alikotoka. Mnunuzi wa Dar es Salaam alichukua pipa zima bila kuuliza, kwa sababu yeye ndiye aliyeonja. Kipimo cha kuangalia maji kwenye asali alikuwa nacho, lakini kipimo hicho husoma maji peke yake. Hakijui kama asali imeungua, kama imechanganywa na sukari, au kama imelala mahali pabaya.

Kwa hiyo wafanyakazi tisa, na familia za warina asali ambazo sikuwahi kuzihesabu, wote walikuwa wakila kwa pua ya mwanamke mmoja, na mwanamke huyo alikuwa anazeeka. Alichokuwa akitafuta kwenye nguzo za umeme ni mtu wa kumwachia kazi ile. Asipompata, ghala litafungwa na warina asali watarudi kuuza barabarani kwa wale wanaoongeza maji ya sukari. Hilo alilisema waziwazi, mara nyingi, na kila aliyemfahamu alilijua. Mtu huyo hakupatikana. Katika kutopatikana kwake mimi nina sehemu yangu, na ndiyo sababu naandika haya badala ya kumwachia mtu aliyemjua vizuri zaidi.

Alikuwa na masharti ambayo yangemfukuza malaika. Mfanyakazi asipake losheni. Asioge kwa sabuni ya kunukia. Asile dagaa wala kitunguu kibichi kabla ya saa sita mchana. Siku moja alimrudisha nyumbani msichana wa kufua vitambaa kwa sababu alitoka kusukwa nywele na saluni walimpaka mafuta ya nazi. Yule msichana alilia, na mwenye ghala akamfuata hadi getini, akamwambia, "Nywele zimependeza. Rudi kesho kutwa." Kanisani kwake, kwa Wamoraviani, alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, si kwa unyenyekevu, bali kwa sababu kinamama wa mbele wanajipulizia marashi.

Mimi aliniruhusu kuingia ghalani kwa sababu, alisema, nanuka karatasi, na karatasi haisumbui.

Usaili wake ulikuwa hivi. Meza ndogo, vikombe vitatu vya udongo vyenye asali, kipande cha muhogo wa kuchemsha usio na chumvi, maji ya uvuguvugu. Mwombaji anakula muhogo kidogo, anasukutua, anaonja cha kwanza. Tena muhogo, tena maji, cha pili. Mwenye ghala hakuuliza vyeti. Aliuliza, "Hii imetoka wapi? Imepitia nini?" Mimi nilikaa pembeni na daftari, naandika majibu, kwa sababu yeye mwandiko wake ulimkera. Alijua kusoma Biblia yote, lakini kalamu ilimpa taabu.

Tangazo likibandikwa leo, kesho asubuhi getini kulikuwa na vijana kumi na tano wenye bahasha za kaki. Huwezi kusema watu hawapo. Wapo, wamesoma, wamevaa vizuri, na wanahitaji kazi kuliko wewe unavyohitaji mfanyakazi. Namkumbuka kijana mmoja mwenye stashahada ya mambo ya chakula. Alionja kikombe cha kwanza akasema, "Hii ni asali safi."

"Safi vipi?" akauliza mwenye ghala.

"Ina ubora."

"Mwanangu, nimekuuliza imepitia nini."

Kijana akatazama dari, akatazama kikombe. "Mama, ukinipa kipimo naweza kukuambia kiwango cha maji."

"Kiwango cha maji nakijua. Nimekisoma mwenyewe kabla hujaja." Akamsogezea muhogo wote uliobaki kwenye sahani. "Kula, umetoka mbali."

Alipotoka, akaniambia, "Cheti kinanuka wino tu." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu aliyenunua betri tatu na zote hazifanyi kazi. Usiku ule, nadhani, alimwombea yule kijana, kwa maana wiki iliyofuata nilimwona anafanya kazi ghalani, ya kubandika lebo.

Waliojua kazi walikuwa hawaji. Warina asali wazee waliweza kukwambia ndoo hii imetoka mzinga wa gome uliotundikwa kwenye mti wa mtundu, na ile imetoka kwenye mizinga ya mbao kule bondeni. Mwenye ghala aliwasihi. Mmoja alimjibu hapo hapo mizani ikiwa katikati yao: "Mama, niache mizinga yangu mia na kumi nije kukaa kwenye kiti Tabora? Nyuki wataniuliza nini?" Akacheka, naye akacheka, kisha akaniambia niandike jina lake kwenye daftari, endapo siku moja atachoka.

Na wale aliowafundisha mwenyewe walichukuliwa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kuna binti alimfundisha miaka miwili, kuanzia kutofautisha asali ya katikati ya mwaka na ile ya kabla ya mvua, hadi akawa anasema "nyumbani" kwa sauti ileile ya mwalimu wake. Kampuni moja ya mjini Dar es Salaam ikamsikia. Binti alikuja dukani kwangu na mwenye ghala, wote wawili, kuchapa barua ya utambulisho. Mwenye ghala alisimama akaisema barua nzima: mwaminifu, mwangalifu, pua yake haina mfano katika mkoa huu. "Ongeza kwamba ni mcha Mungu," akasema. Nikaongeza. Akaweka sahihi yake ya kukwaruza. Binti alipanda basi siku ya pili, na mwenye ghala hakuzungumza na mtu yeyote ghalani kwa wiki nzima isipokuwa kusema kwanza, pili, nyumbani.

Nilimuuliza kwa nini aliandika barua nzuri hivyo. Akashangaa. "Ulitaka niseme uongo?"

Reli mpya ilipoanza kujengwa mambo yakawa mabaya zaidi. Vijana wenye nguvu na akili walikwenda huko, hata mbeba ndoo ikawa shida kumpata. Alikuwa na msemo wake wa siku hizo, na aliusema akitazama barabara inayopita mbele ya ghala, ambayo wazee wanasema misafara ya zamani ilipita hapo. "Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa hadi Bagamoyo kwa miguu, na hakuna aliyebandika tangazo." Kisha ananikabidhi karatasi ishirini nikabandike.

Sasa niseme habari ya tumbaku.

Alikuwa na hadithi mbili kuhusu kwa nini mstari ule uliandikwa, na sikuwahi kujua ipi ni ya kweli. Ya kwanza ni kwamba mzigo wake wa kwanza mkubwa ulipakiwa kwenye lori moja na marobota ya tumbaku, na ulipofika Dar es Salaam ukarudishwa wote. Asali hushika harufu ya jirani yake, alisema, na haiiachi tena. Ya pili aliisema mara moja tu, tukiwa tunasubiri mvua ipungue. Alisema mume wake alilima tumbaku, na kila mwaka alikata miti ya kukaushia, na ile miti ndiyo iliyokuwa na mizinga ya baba yake. "Nilimpikia mtu huyo miaka kumi na tisa," akasema. "Pua yangu ilikaa bila kunusa kitu kingine." Mvua ikapungua, akaondoka, na nilipojaribu kurudi kwenye mazungumzo hayo siku nyingine alinijibu kwa hadithi ya lori.

Mimi nimezaliwa kwenye tumbaku. Kwetu ni Sikonge ndani, na tangu nina miaka saba nilikaa chini na mama yangu na dada zangu tukigredi, jani moja moja juu ya paja, hili la juu, hili la kati, hili limeungua, hili lina ukungu ambao jicho halijauona bado lakini pua imeshauona. Mama hakutufundisha kwa maneno. Ukikosea anachukua jani anakuwekea puani, basi. Nikiwa na miaka kumi na miwili wateuzi waliokuja kununua walikuwa wakiniita kwa utani nikae nao mezani. Tumbaku hiyo ndiyo iliyonisomesha, ndiyo iliyoninunulia kompyuta ya kwanza.

Na baada ya kila usaili, waombaji wakishaondoka, vikombe vilibaki mezani. Nilivimaliza mimi. Mwanzoni ilikuwa tamaa tu ya kitu kitamu. Baadaye niligundua kwamba najua. Hiki kimeongezwa sukari. Hiki kimekamuliwa na masega yenye watoto wa nyuki. Hiki kimepashwa moto kupita kiasi. Mwenye ghala alipoyataja majibu kwa sauti ili niyaandike, yalikuwa yaleyale niliyokuwa nayo kichwani. Sikukosea hata mara moja, na sikusema hata mara moja.

Kwa nini? Nimejiuliza hili kuliko nilivyojiuliza jambo lolote. Mwanzoni nilikuwa na duka langu na sikuitafuta kazi ya mtu. Kisha ikawa aibu. Ukishamchapia mtu mara ishirini kwamba asiwe amewahi kushika tumbaku, utasemaje mara ya ishirini na moja kwamba mikono inayochapa ndiyo hiyo? Nilidhani atanipiga marufuku ghalani. Nilipenda kukaa kwenye ile meza. Nilimpenda yeye, kwa kweli, na niliogopa kumpoteza. Basi nikaendelea kuukoleza mstari ule kwa herufi nzito, mwaka baada ya mwaka.

Ulipofika ule mwaka wa mafua mabaya, watu walipokuwa wakijifukiza kwa majani ndani ya mablanketi, mwenye ghala aliugua wiki tatu. Alirudi amekonda, akasema amepona. Akaja dukani Jumatatu kama kawaida. Lakini safari hii alisema, "Ongeza neno haraka." Nikaongeza: anatakiwa haraka. Wiki mbili baadaye akarudi. "Weka haraka sana." Nikamtania, "Mama, unataka kuolewa, au unataka mwonjaji?" Hakucheka. Alikaa kwenye kiti, yeye ambaye hakuwahi kukaa, akashika ukingo wa meza yangu.

Kuna mambo niliyaona na sikuyapanga pamoja. Kinamama wa kanisani walisema sasa anakaa mbele. Nilimkuta siku moja anakula mchuzi wa dagaa saa nne asubuhi. Ghalani alianza kuonja ndoo akiwa hatazami ndoo. Alikuwa akitazama watu waliosimama karibu, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kabla ya kusema neno lake. Nilidhani ni uzee.

Siku ya ile ndoo nilikuwa nimepeleka karatasi mpya za tangazo. Warina asali wa kijiji kimoja walikuwa wamefika na lori, ndoo karibu arobaini, na mvua ilikuwa imewanyeshea njiani na hata kabla ya safari. Walikuwa wamechoka na wana furaha, kwa maana ule ulikuwa msimu mzuri. Kijana aliyefungua ndoo ya kumi na kitu alivuta mfuniko, na kabla haujatoka wote harufu ilikuwa imenifikia. Bani. Lile jengo la kukaushia tumbaku, lenye moshi wa miaka mingi kwenye kuta zake. Nikaelewa mara moja kilichotokea, kwa sababu hata sisi nyumbani tungefanya hivyohivyo: mvua inanyesha, nyumba zinavuja, na paa zuri kuliko yote kijijini ni la bani. Waliingiza ndoo humo zisilowe. Waliweka mali yao mahali salama walipopajua, na mifuniko ya zile ndoo haikuwa imekaza.

Nilirudi nyuma hatua moja. Halafu nikasimama.

Mwenye ghala akachovya kijiti, akaonja, akatema. Akatutazama. Alimtazama kijana wa mfuniko, akawatazama wale wazee wenye ndoo, akanitazama mimi, muda mrefu. Nilitazama karatasi zangu.

"Kwanza," akasema.

Nilikuwa na muda. Kijana aliinua ndoo akaibeba hadi kwenye pipa kubwa, na ile ni hatua kama thelathini. Nilijiambia kwamba huenda nimekosea. Nilijiambia kwamba mama huyu amefanya kazi hii tangu sijavaa sare ya shule, nani mimi wa kumsahihisha mbele ya wazee hawa? Chini ya hayo yote kulikuwa na jambo dogo la aibu: nikisema, ataniuliza nimejuaje. Ndoo ikamiminwa. Zilizofuata, nazo zilizolala bani, zikamiminwa juu yake.

Pipa lote lilirudi kutoka Dar es Salaam. Mnunuzi alileta barua fupi ya heshima, mimi ndiye niliyemsomea mwenye ghala, kwamba wanashukuru kwa miaka yote na hawataendelea. Warina asali walilia hasara iliyowagusa wote, hata wale ambao ndoo zao zilikuwa safi. Wafanyakazi walirudi nyumbani mmoja mmoja. Yule kijana wa stashahada alikuwa wa mwisho, alibaki akipanga lebo zisizo na chupa. Kisha bati jekundu likawa jengo tu lenye kufuli, na kwenye barabara ya kwenda Sikonge nikaanza kuona tena chupa za asali nyeusi nyeusi kwenye vibanda, zile ambazo ukizitikisa zinatoa povu.

Mwenye ghala hakuja tena dukani. Nami sikwenda kwake. Nilijiambia sina cha kumpelekea.

Miaka miwili ilipita. Mwezi uliopita binti yake wa kumzaa alinipigia simu: mama anakuuliza, anasema uje asubuhi, usile kitu cha harufu. Nikaenda nyumbani kwake Itetemia bila kunywa hata chai. Nilimkuta sebuleni, amekuwa mdogo ndani ya khanga zake, miguu imeinuliwa kwenye stuli. Mezani kulikuwa na vikombe vitatu vya udongo vilivyofunikwa kwa visosi, muhogo, na maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, mwandishi. Leo huandiki."

Nikakaa. Tuliulizana habari za nyumbani, na za mvua, na za mguu wake. Kisha akasema, kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana, "Pua yangu ilikufa kwenye yale mafua. Haikurudi. Ulimi nao ukabaki na tamu na chungu tu. Sikumwambia mtu."

"Pole, mama."

"Ningemwambia nani? Ghala zima lingejua siku ileile. Nikasema nitavumilia hadi nipate mtu. Nikawa nawatazama ninyi. Ndoo ikifunguliwa natazama nyuso. Mwenye kukunja pua, mwenye kusogea. Nilifanya kazi hivyo miezi minane, na sikukosea." Akanyoosha khanga magotini. "Siku ile ulirudi nyuma."

Sikuweza kumtazama.

"Nilikuona. Ulirudi nyuma, halafu ukasimama ukatulia. Nikajiuliza, amekanyaga kitu? Nikakutazama tena. Nikasema, kama kungekuwa na kitu, mwandishi wangu angesema. Nikasema kwanza."

Nikaanza kulia. Hakunizuia na hakunibembeleza. Nilipoweza kuongea nikamwambia yote: Sikonge, mama yangu, majani juu ya paja, vikombe nilivyokuwa nikimalizia baada ya usaili. Nikamwambia kwamba niliogopa kwa sababu ya ule mstari.

"Mstari ulikuwa wangu," akasema. "Nilikosa. Nilitafuta mtu mkoa mzima na nilikuwa nimewafungia mlango wenye pua kuliko wote, kwa hasira zangu za ndoa. Hilo nimeshaliongea na Mungu." Akanielekezea kidole, taratibu, bila ukali. "Lakini mimi nilisema tu. Aliyeandika ni wewe. Mara ngapi? Ulikaa hapo mbele yangu unaandika kwamba usiwepo."

Nilifuta uso kwa kiganja.

Akafunua kikombe cha kwanza, akanisogezea. "Haya. Imepitia nini?"

Nikala muhogo, nikasukutua, nikaonja. Nikamwambia ni ya kabla ya mvua, maua ya mtundu, mzinga wa gome, aliyerina alitumia moshi kidogo wa nyasi na hakuwa na haraka. Nilipokuwa nasema alifumba macho. Aliniomba nirudie habari ya maua, nikarudia kwa urefu, kila kitu nilichoweza kukipata, hadi ubaridi ule unaobaki juu ya ulimi mwishoni. Alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, ndivyo ilivyo." Cha pili nikamwambia kimepashwa moto mara mbili na mtu aliyeiacha sufuria akaenda kuongea. Akacheka, cheko lake la zamani la puani.

Akafunua cha tatu. Sikuhitaji kuonja. Alikuwa ameweka akiba kutoka lile pipa lililorudi.

"Sema," akasema.

"Mama, unajua ni nini."

"Mimi sijui kitu, sinusi. Sema."

"Kina tumbaku."

"Kwa sauti."

"Kina tumbaku!" nikasema, na sauti yangu ikasikika hadi jikoni, kwa maana binti yake alichungulia mlangoni.

Mwenye ghala alinitazama muda mrefu, kama alivyonitazama siku ile. "Maneno mawili tu, mwandishi," akasema. Kisha akakifunika kikombe kwa kisosi chake, akamwambia binti yake alete chai, na akaniuliza kama watoto wangu wameshafungua shule.